Ugonjwa Aliobandikwa Bi Majalada

Kwa miaka ishirini na tisa alikaa katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya kaunta ya hospitali, akipanga majalada ya wagonjwa kwenye rafu za chuma zilizofika darini. Wauguzi walimwita Bi Majalada, na jina hilo likamganda hata mtaani. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakumlegezea mkubwa wala mdogo: mtu haandikiwi ugonjwa bila sahihi ya aliyempima. Waliomjia kwa tabasamu wakitaka homa ya kukwepea kazi waliondoka na tabasamu zao.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alipostaafu alipanda ndege hadi nchi ya mbali ya baridi, ambayo picha zake alizitazama miaka mingi kwenye kalenda ya ukuta wa kazini. Akakodi kigari cheupe, akashika peke yake barabara ipitayo kati ya makorongo na milima ya moto iliyozimika, ambayo mwisho wake ni mto wa barafu. Kabla ya kuondoka alimuaga kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, akamwachia yeye awaarifu jamaa, kama adabu inavyotaka. Hapo ndipo alipokosea.

Asubuhi ya siku ya nne, akiwa ameegesha gari kwenye ukingo wa korongo lenye kuta nyekundu, simu ikaita. Alikuwa binamu yake.

"Pole dada. Usikate tamaa, siku hizi uvimbe unatolewa vizuri tu."

"Uvimbe wa nani?"

"Wako, jamani. Kaka katueleza yote. Usijikaze, sisi ni ndugu zako. Shangazi mwenyewe amefunga leo siku ya tatu anakuombea. Tumembembeleza anywe hata maji mchana, hataki."

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yao, ndiye aliyewalea, na sasa alikuwa amevuka miaka themanini, mwembamba kama ufito. Bi Majalada akampigia kaka yake papo hapo.

"Ulitaka niseme nini?" kaka aliuliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusikilizwa. "Kwamba mwanamke mwenye mvi ameacha nyumba yake kwenda kutazama mawe? Wangesema umerukwa na akili."

"Kwa hiyo ukanipa uvimbe."

"Uvimbe una heshima, mdogo wangu."

"Umeuweka wapi?"

"Tumboni. Tumboni hakuna atakayedadisi. Ukirudi utasema umepona, watu wamshukuru Mungu, yaishe."

"Na shangazi anayeshinda na njaa?"

"Ibada haipotei."

"Ibada ni yake, uongo ni wako. Usiuvike kanzu ya ibada. Una mpaka alasiri umwambie kwa kinywa chako. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

"Utanivua nguo mbele ya ukoo."

"Zivae basi mapema."

Akakata simu, akaendesha. Barabara ilikata uwanda mweusi wa mawe yaliyowahi kuwa moto, ikapanda, ikapita chini ya maporomoko ya maji yaliyoanguka kutoka mawinguni kwa kishindo cha kutikisa vioo. Hayo ndiyo aliyoyatamani nusu ya umri wake. Akashuka, akasimama mbele yake akilowa usoni, na badala ya kumtukuza aliyeyaumba akajikuta anayagombeza, kana kwamba kaka yake amesimama nyuma ya pazia lile la maji. Alipogundua hivyo ghadhabu yake ikazidi. Mtu huyu hakutosheka kumbandika ugonjwa. Alikuwa amepanda naye garini, anamziba macho.

Alasiri ikafika. Kaka hakupiga, hakuandika. Bi Majalada akasimama kwenye kituo cha mafuta, akampigia shangazi.

"Shangazi, kula. Sina uvimbe, sijawahi kuwa nao. Kaka amewadanganya. Nimekuja kutembea."



"Kutembea na nani?"

"Peke yangu. Naendesha gari, natazama milima."

"Yaani nimekaa na njaa siku tatu kwa ajili ya milima."

"Nisamehe, shangazi."

"Wewe nikusamehe nini? Ulinidanganya wewe?" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilianza kuota meno. Akasikika akiagiza aletewe chakula, kisha akarudi. "Na huyo mwalimu wenu aitwe, afike hapa kabla sijashiba. Nikishiba nitamhurumia, na sitaki kumhurumia."

"Nikatishe safari, nirudi?"

"Urudi kufanya nini? Kutolewa uvimbe? Nenda mpaka mwisho wa hiyo barabara. Nimekufungia siku tatu, binti yangu, usiniletee mikono mitupu. Utazame vizuri, uje unisimulie kimoja baada ya kingine."

Simu ilianza kuita tena kabla hajaiweka chini, na safari hii lilikuwa jina la kaka. Bi Majalada aliliangalia likiwaka na kuzimika hadi likachoka. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, wala hakujidai kuimeza. Akafunga mkanda, akafuta kioo kwa kiganja, akaufuata mto wa barafu.