Mbasa Wenye Mayai

Siku yangu ya kwanza kazini, Mbamba Bay, Mkaguzi Mkuu alinikabidhi rula ya mbao ya kupimia matundu ya nyavu, ili tuwabaini wanaovua samaki wachanga. "Hii ndiyo Biblia yako," akasema. Mimi mtoto wa mchungaji sikuipenda kauli ile, ila nilicheka kwa kuwa wote walicheka.

Watu walituita mabwana samaki. Nilitumikia mwambao ule wa kusini miaka mingi, na namshukuru Mungu sikuzama. Kisha nikapewa safari ya kaskazini kabisa, Ziwa Nyasa linapoishia, Kyela. Mvua zilikuwa zimeanza. Huo ndio wakati mbasa huacha ziwa na kupanda mito kutaga mayai, na tulikuwa tumetumwa kuzuia wasivuliwe mtoni.

Nilitangulia peke yangu. Katika kijiji kimoja kando ya mto Mbaka nilifundisha kila Jumapili baada ya ibada: mkimla mama leo, baadaye mto utabaki maji matupu. Mvuvi mmoja, Baba Tumaini, ndiye aliyenielewa kwanza. Aling'oa uzio wake wa matete uliokuwa umeziba mto, akawashawishi wenzake nao wang'oe. "Ndaga, Bwana Samaki," akaniambia, yaani asante. Kijiji kilishika neno lake. Langu lilikuwa la mgeni.

Mkaguzi Mkuu alipofika, tulikuta mgono mmoja tu umebaki mtoni, mtego wa kusukwa kama kikapu kirefu. Akaagiza samaki watolewe, kisha akauchoma. Ndani mlikuwa na mbasa watatu, matumbo yamejaa mayai. Kwa utaratibu wetu walipaswa kwenda zahanati, kwa wagonjwa.

"Aliyekufa hatagi," akasema. "Wapikwe."

Nyumba tuliyofikia waliwapika kwa nyanya na ndimu, pamoja na wali wa mchele wa Makwale, wa hukohuko Kyela, unaonukia hadi barabarani. Mayai tuliwekewa sahani ya peke yake. "Omba, mzee wa kanisa," bosi akanitania. Nikaomba. Nikala. Tangu nizaliwe sijala samaki mtamu kama yule, na hilo ndilo linaloniuma.

Tukiwa mezani Baba Tumaini akaingia na mkungu wa ndizi, zawadi yetu. Akaitazama sahani ya mayai, akautua mkungu polepole.

"Kumbe nilielewa vibaya," akasema. "Sheria inakataza mtego, haikatazi sahani."

Bosi akacheka, akamkaribisha. Hakukaa. Nami mdomo ulikuwa umejaa.

Mvua zilizofuata nilirudi. Nyuzio zilikuwa zimesimama ukingo hadi ukingo, na wa mbele kabisa ulikuwa wa Baba Tumaini. Nilipotoa rula, wanawake waliokuwa wakifua waliniuliza kama nimekuja na ndimu.

Sasa nimestaafu, nimejenga hukuhuku Kyela. Mbasa hawapandi tena kama zamani. Ninyi mnaoanza kazi mtaambiwa sababu ni nyavu na wingi wa watu, na ni kweli. Bado naombea kila mlo. Nikifika kwenye "asante kwa chakula hiki", sauti husimama. Mke wangu hungoja, amefumba macho, na wali unapoa.