Mlango wa Nyuma wa Kliniki ya Presha

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wawili watatu hunijia ofisini. Wanakaa kwenye ukingo wa kiti kama watu wanaosubiri kufukuzwa, kisha wananiuliza swali lile lile: hivi inawezekana kufanya kazi hospitalini bila kusomea uuguzi? Nawaambia inawezekana, na wakae vizuri, kiti hakivunjiki. Nawaeleza kozi zilizopo, masomo yanayotakiwa na namna ya kuomba nafasi ya kujitolea. Nikiona bado wana wasiwasi, nawasimulia habari ya baba yangu na presha yake, kwa sababu kazi hii nilianza kuielewa hapo. Chuoni nilikuwa nimeikariri tu.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Nkololo na shahada ya usimamizi wa huduma za afya. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma kutoka juu mpaka chini, halafu akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu kimesahauliwa.

"Usimamizi," alisema. "Unamsimamia nani?"

Nilipata nafasi ya kujitolea katika hospitali moja mjini Bariadi, nikapewa kupanga mafaili masjala. Kila Jumamosi nikirudi nyumbani baba alinifanyia usaili mbele ya mama na yeyote aliyepita njia.

"Wiki hii umechoma sindano?"

"Sijachoma, baba."

"Umefunga kidonda?"

"Sijafunga."

"Umezalisha?"

"Hapana."

"Sasa hospitali kubwa hivyo, mayu, wanakuficha wapi? Stoo?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Baba huniita hivyo akinipenda, na pia akinikatia tamaa. Kibaya zaidi, masjala yetu kweli iliwahi kuwa stoo.

Tatizo lilikuwa binti wa jirani. Yeye ni muuguzi, na kila akija likizo alikuwa akipima presha ya ukoo mzima pale pale uani, watu wamepanga foleni kama wanaopokea mbegu za pamba. Ndiye aliyegundua kwamba presha ya baba imepanda, akamwandikia aende kliniki ya Jumatano, katika hospitali ile ile niliyokuwa nikijitolea. Baba alirudi kutoka kwa jirani na mawazo mawili: kwamba anaumwa, na kwamba mimi nilisoma kozi isiyo sahihi. La pili ndilo lililomnyima usingizi.

Akaenda kwenye duka la stesheneri sokoni, akachapishiwa fomu ya kuomba chuo cha uuguzi, kurasa sita. Akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Mimi si mtu mbaya," aliniambia. "Nionyeshe kwa macho yangu kazi unayoifanya pale. Nikiiona, nanyamaza. Nisipoiona, unaijaza hii kabla dirisha la maombi halijafungwa."

Niseme ukweli, uuguzi siudharau hata kidogo. Lakini damu ya kuku tu hunilaza chini. Kitu ninachokiweza tangu utotoni ni kupanga. Nilikuwa nikiwatoa ndama zizini kwa kufuata ukubwa wao, na mama alikuwa akiita ndugu zake waje kuangalia. Sasa utamwonyeshaje baba yako kupanga? Ukishapanga vizuri, hakuna kinachoonekana.

Mwezi wa mwisho kabla dirisha halijafungwa, metroni aliniita. Mwanamke mkubwa, mwenyeji wa Mtwara, mwenye sauti inayowaamsha wagonjwa wa wodi ya pili akiwa wodi ya kwanza.

"Wewe binti wa mafaili. Kliniki ya presha wananiharibia ripoti. Asubuhi wanajiandikisha, wakiitwa hawapo. Nitafutie wanakwenda wapi."

Nikachukua daftari la kliniki, nikanakili kila mstari ulioandikwa "hakuwepo". Jina la baba lilikuwamo Jumatano tano mfululizo.

Nyumbani alikuwa akituambia, "Hawakuniita." Mama hakumwamini. "Anaogopa ile mashine inayobana mkono," alisema. "Mwanamume amefukuza fisi zizini usiku wa manane, leo anakimbizwa na mpira wa upepo!"

Lakini chini ya jina la baba, Jumatano zile zile tano, kulikuwa na jina jingine lenye neno lile lile. Lilikuwa la bibi yangu, mama yake mama, ambaye siku hizo alikuwa akikaa kwa mjomba hapo hapo mjini.

Niliweka kalamu chini. Kwa asiye mwenyeji wa huku, nieleze kidogo. Kwetu mwanamume wa zamani hakai benchi moja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni wala hampi mkono. Akimwona anakuja njiani, ataingia kwenye shamba la mtu mpaka mama wa watu apite. Si chuki, ni heshima, na mama mkwe naye hulipa heshima kwa heshima. Bibi alipokuwa akija kututembelea, baba alikuwa akihamia nyuma ya zizi na chakula chake. Kwa hiyo mila niliijua. Ratiba ya kliniki ndiyo sikuijua.

Jumatano iliyofuata nilisimama dirishani masjala. Baba alifika mapema na baiskeli, akajiandikisha, akaketi kwenye benchi. Benchi lilikuwa moja tu. Punde bibi akashushwa na pikipiki ya mjomba. Baba akainuka, akakagua dari kama fundi, akatoka nje. Bibi akaona kwamba mtu amekimbia kwa sababu yake. Akajifunika khanga kichwani, akatoka kwa mlango wa upande wa pili. Muuguzi akaita jina la baba: kimya. La bibi: kimya. Hakuwepo, hakuwepo.

Nilimfuata bibi kwenye matangi ya maji.

"Bibi, mbona umekaa huku?"

"Nampisha yule mtu wenu. Ameshaonwa?"

"Bado."

"Basi nangoja."

Nikazunguka mpaka kwenye uzio, zilipoegeshwa baiskeli.

"Baba, unafanya nini?"

"Naangalia upepo wa tairi."

"Tangu saa mbili?"

"Tairi ziko mbili."

Mchana wote wawili walirudi makwao bila dawa, kila mmoja akiwa na amani kwamba amempa mwenzake nafasi. Nilipompelekea metroni majibu, alisukuma ripoti yake pembeni.

"Kwani huyo mama mkwe anang'ata?"

"Hang'ati, metroni. Anaheshimiwa."

"Si wangesubiri wapone ndipo waheshimiane." Akatikisa kichwa. "Nyuma ya jiko kuna benchi. Lichukue. Likivunjika, utakaa wewe chini."

Nililiweka benchi la pili baada ya kona, mtu wa huku asimwone wa kule. Nikajiona mtaalamu. Jumatano ile baba aliketi huku, bibi akaketi kule, na bibi akaitwa kwanza. Sikuwa nimefikiria kwamba chumba cha daktari kina mlango mmoja. Bibi anatoka, baba anaingia. Walibakiza hatua tatu kugongana. Baba akageuka, akafungua mlango wa kwanza aliouona, akajifungia ndani.

Kilikuwa chumba cha chanjo. Aliketi humo kofia ikiwa mkononi, katikati ya akina mama na watoto wao wanaolia, mpaka muuguzi wa chanjo akamwuliza kwa upole, "Baba, na wewe mtoto wako yuko wapi?"

"Yuko masjala," baba alijibu.

Hakupimwa siku hiyo pia. Jioni nyumbani hakuniuliza kuhusu sindano. Aligonga tu mfuko wa koti, mahali fomu ilipokuwa. Dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Usiku ule nilikumbuka mchoro mmoja wa chuoni: mishale inayoonyesha mgonjwa aingie huku, atokee kule, asirudi alikotoka. Niliukariri kwa ajili ya mtihani nikaufuta kichwani siku hiyo hiyo. Asubuhi nilikwenda chumba cha daktari nikapima ukuta kwa macho. Nyuma ya kitanda kibovu na maboksi ya fomu za zamani kulikuwa na mlango. Daktari alisema amefanya kazi humo miaka mitatu akidhani ni kabati.

Mimi na mlinzi tulihamisha maboksi siku mbili. Ndani ya boksi la mwisho tulikuta paka na watoto wanne, na metroni akaagiza wahamishwe kwa utaratibu maana wao ndio wagonjwa pekee wasiotoroka. Bawaba tulizipaka mafuta ya kula. Mlango ukafunguka kuelekea nje, karibu kabisa na dirisha la dawa. Nikachora mishale kwa chaki.

Jumatano ikafika. Nilimwomba muuguzi aite kila jina mara mbili, benchi la huku na benchi la kule. Baba alikaa. Bibi alikaa. Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mzee mmoja akachomoza kutoka nyuma ya jiko. Mwingine akatoka kwenye matangi. Wa tatu akaja kutoka uzioni, anajifuta vumbi, akauliza kwa sauti ya chini, "Eti siku hizi kuna benchi la upande huu?"

Metroni alisimama koridoni, mikono kiunoni.

"Hawa wote walikuwa wapi?"

"Walikuwa wanapisha wakwe zao."

"Yaani mkoa mzima huu mmeoana?"

"Karibu wote, metroni."

Baba aliitwa, akaingia, akakawia. Mimi nilikuwa nje nimeushika mlango wa nyuma, maana upepo ulikuwa ukiubamiza. Alipotoka alikuwa na karatasi ya dawa na uso wa mtu aliyekaripiwa.

"Daktari amenigombeza," alisema. "Anasema nimechelewa sana kuja."

"Hii ni Jumatano ya nane unakuja, baba."

"Nimemwambia. Ameangalia daftari, akacheka." Akautazama mlango, akaitazama mishale. "Huu nani ameufungua?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ndiyo kazi yenyewe."

Akauliza huku akitazama pembeni, "Na yule mama, amepata pa kukaa?"

"Amepata. Kwenye benchi lake."

"Hakuniona?"

"Hakukuona."

Akashusha pumzi. Sidhani kama ile mashine ya presha ilipima kitu kikubwa kuliko pumzi ile.

"Na binti wa jirani anaweza hii?"

"Yeye anaweza kukupima, baba. Mimi nahakikisha unafika anapopimia."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

"Hukuniuliza. Uliniuliza sindano."

Upepo ukaupokonya mlango mkononi mwangu, ukaubamiza kwa nguvu hata watu wa dirisha la dawa wakageuka. Baba akaufungua tena. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa ile fomu, akaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, akapiga goti na kuisokomeza chini ya mlango. Akausukuma mlango kwa kiganja. Haukutikisika.

"Baba, hiyo ni fomu ya chuo."

"Naijua. Kurasa sita. Inatosha."

Akainuka, akajipangusa goti, akaenda dirisha la dawa kwa kufuata mshale.

Nilirudi ndani kwa kuzunguka, mpaka kwenye benchi baada ya kona. Bibi alikuwa ameketi wima, khanga begani, mkoba mapajani.

"Yule mtu wenu," alininong'oneza, "leo ameonwa?"

"Ameonwa, bibi. Amepewa na dawa."

"Wabeja," alishukuru, akausogeza mkoba kwapani. "Basi mwambie muuguzi na mimi sasa aniite."