Mtani Aliyeteka Herufi za Baba

Siku tuliyoanua matanga ya baba tulikuwepo watu hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho wa kike, shangazi aliyetoka Tunduru, mama mwenye nyumba tuliyopanga Ilala, na fundi aliyekuwa akifanya kazi na baba kwenye kibanda kimoja Kariakoo. Majirani walikwisha kula ubwabwa wa hitima na kuondoka. Mama alikuwa ametangulia zamani, mdogo wetu akiwa bado ananyonya.

Shangazi alikuwa amepanga kila kitu, na alipanga kwa wema. Wadogo zangu angeondoka nao. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, baba alipoanza kuugua, na sasa shangazi alikuwa amenitafutia kazi za ndani Magomeni. Nauli ingetokana na kopo la vyombo vya baba: nyundo ndogo na herufi za chuma alizotumia kugonga majina ya watu kwenye vyuma. Mnunuzi alikuwa njiani.

Baba aligonga chochote. Spana za mafundi wasioaminiana, kufuli, vikombe vya mashindano. Miaka yake ya mwisho kazi kubwa ilikuwa vichwa vya fimbo za gofu. Wachezaji walitaka herufi za majina yao, au za watoto wao, zigongwe nyuma ya kichwa cha fimbo kisha zijazwe rangi. Mchezo wenyewe baba hakuwahi kuuona.

Yule fundi ni Mngoni, sisi Wayao. Watani. Siku zote za msiba alichota maji na kupasua kuni kimya kimya, nikadhani amesahau utani. Siku ile akainuka, akavaa miwani ya baba, akaweka kijiko juu ya kinu, akatoa ulimi pembeni kama alivyokuwa akifanya baba kabla ya kugonga, akabana pumzi, akagonga. Kisha akajitupa mkekani.

“Myao akiona kazi zimejaa mezani, anakufa,” alisema.

Shangazi alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga, na humo ndani ya kanga kicheko kikageuka kilio. Mimi sikuweza kucheka. Ulimi ule ulikuwa wa baba kabisa.

Alipoinuka mkekani alilibeba kopo la vyombo, akalikumbatia, akatangaza kwamba ameliteka. Shangazi akamwambia mnunuzi yuko njiani. Akajibiwa kwamba aje tu. Akinunua mali iliyotekwa na mtani, laana ataipeleka kwake.

“Haya, sema unataka nini,” shangazi alisema. Alikuwa bado anatabasamu, lakini kwa shida.

Fundi alinielekezea kidole. “Huyu ndiye atakayekomboa. Marehemu ameniachia vichwa vya gofu vina herufi nusu nusu. Avimalize. Siku nitakayoridhika mtachukua vyombo vyenu, mtauza, mtagawana watoto mnavyotaka.”

“Na muda wote huo watakula nini?”

“Mateka wa Wangoni hawafi njaa, dada. Wangekuwa wanakufa, nyinyi Wayao mngekwisha siku nyingi.”

Mtani hakasirikiwi, na alichokiteka hakinyang'anywi. Shangazi alimtazama mama mwenye nyumba kama anayeomba msaada, naye akasema chumba kipo. Kesho yake shangazi alirudi Tunduru peke yake.

Ndivyo nilivyoingia kibandani. Kichwa cha fimbo hubanwa kwenye jiriwa kikiwa kimeviringishiwa ngozi kisichubuke. Herufi unaisimamisha wima, unagonga mara moja tu. Ukirudia, inapata kivuli, na chuma hakifutiki. Rangi ni ya kucha, ile ya dukani Kariakoo. Unaidondosha ndani ya herufi kwa kijiti cha meno, unaiacha ikauke, halafu unafuta ya juu kwa kitambaa kilichokazwa kwenye kibao na kulowa thina kidogo. Kitambaa kikilegea kinazama ndani ya herufi na kung'oa rangi yote. Thina hutoa machozi. Nililia sana pale mezani, na hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Kichwa kimoja baba alikuwa amegonga herufi mbili kati ya tatu. Nilikizunguka siku nyingi. Nilipogonga ya tatu ikainama kidogo upande wa kulia. Mwenyewe alipokuja aliipapasa kwa kidole gumba, akauliza fundi wa zamani yuko wapi. Alipoambiwa, aliiweka fimbo yake mkobani. Baadaye alituletea nyingine.

Nilipomaliza vile vya baba nilimpa fundi avikague. Alivigeuza, akasema bado sijakomboa. Vilivyofuata, bado. Kila mara aliona kasoro, nami kila mara nilirudi chumbani nikakuta wadogo zangu wote wawili wapo. Miaka ikapita hivyo. Siku mdogo wangu wa kiume alipopata kazi ya umeme Posta, fundi alichukua kichwa nilichotoka kukijaza rangi, akakiangalia kwenye mwanga. Hakusema bado. Akanisogezea kopo.

Sasa kifua kimemlaza fundi. Juzi nilimpelekea uji, nikamwamkia shikamoo, akasema hana marahaba ya kumpa Myao. Alikunywa vijiko viwili, akapumzika.

“Baba yako nilimcheka,” alisema. “Ukija msibani kwangu kulia kama watu wengine, nitakudai mpaka kiama.”

Nilimwambia nitakuja kumcheka. Akataka niape, nikaapa.

Asubuhi kibandani, kabla wateja hawajafika, najaribu kumwigiza: anavyokohoa kabla ya kukosoa, anavyovuta suruali. Nikifika kwenye neno “bado” naacha, nashika nyundo. Nimelea wadogo zangu kwa mzaha wake. Anachonidai ni kicheko tu, nami hicho bado sinacho.