Majibu Ninayo Mimi

Mume wangu ana kipaji kimoja kikubwa: anajua kupokea pongezi. Msifie kwa kitu ambacho hakukifanya, hashtuki wala hakatai. Anainamisha kichwa kidogo, anatabasamu upande mmoja, anasema, "Ah, kawaida tu." Nimeishi na hiyo "kawaida tu" tangu tulipooana Tanga, na tulipohamia Brussels kwa ajili ya kazi yake ikaja nasi.

Hotuba aliyoisoma kwenye harusi ya mdogo wake hadi watu wakatokwa na machozi, niliiandika mimi. Ripoti zinazompa sifa kazini, Kiingereza chake huwa nakinyoosha mimi, kwenye meza ya jikoni kwetu Saint-Josse, huku maharage yakichemka. Hata ule mzaha wake maarufu kuhusu mvua ya hapa ni wangu. Niliutoa tukiwa kwenye foleni ya duka la mboga, yeye akaupeleka ofisini kesho yake. Sikuwahi kudai chochote kikubwa. Nilitaka sentensi moja tu, mbele za watu, kwa sauti ya kawaida: "Hii ni kazi ya mke wangu." Miaka yote ile sikuipata.

Ofisi yake ipo kwenye mojawapo ya yale majengo marefu ya vioo karibu na stesheni ya Gare du Nord. Bosi wake ni Mwingereza, mmoja wa wale waliobaki huku baada ya nchi yao kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, na nadhani ni kwa kujiliwaza kwamba ameanzisha chemsha bongo ya kila mwezi. Inafanyika jioni watu wakitoka kazini, kwenye baa ya Kiingereza iliyo jirani na ofisi. Mnakaa meza kwa meza, mnaandika majibu, mnabishana, mnakula karanga. Maswali yote ni ya Uingereza: wafalme, mpira, biskuti, hali ya hewa. Raundi ya mwisho ndiyo bosi anayoipenda kuliko zote. Ina majibu matano ambayo ukiyatazama hayana uhusiano wowote, kumbe chini yake kuna jambo moja linaloyaunganisha. Meza itakayolitambua inapata pointi za ziada, na mtunzi wa maswali ndiye anayesimama mwishoni kuthibitisha.

Nilipoelezewa hilo nilicheka moyoni. Wenzetu wanadhani wamevumbua kitu! Mimi nimelelewa na mashangazi walioweza kumwimbia jirani ngoma nzima ya harusi, ubeti juu ya ubeti, habari za kuku na sufuria na mlango usio na komeo, wasimtaje hata mara moja, na ukumbi mzima ukajua anaimbiwa nani. Sisi fumbo tunalinyonya na maziwa.

Mara ya kwanza tuliyokwenda, meza yetu ilishinda. Majira yetu ya kwanza ya baridi hapa, kabla sijapata hata mtu wa kuongea naye, nilikuwa nashinda mbele ya televisheni nikitazama vipindi vya maswali vya Kiingereza, kwa hiyo majibu yalinitoka kama nimeyapanga foleni. Nilikuwa namnong'oneza mume wangu, yeye akiandika. Kalamu alikuwa nayo yeye. Matokeo yaliposomwa, bosi akaja kumpiga bega. "Hukuniambia kama wewe ni maktaba!" Nikamtazama mume wangu. Nikangoja. Akainamisha kichwa. "Ah, kawaida tu," akasema, na mimi nimekaa pale ubavuni nimemshikia koti.

Utaratibu wao ni kwamba aliyeshinda ndiye anayetunga maswali ya mwezi unaofuata na kuyasoma. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, kwa wepesi kabisa, kama mtu anayekumbusha maziwa yameisha, "Bibie, utanitungia yale maswali. Wewe una nafasi."

Una nafasi! Yaani mimi niliyeacha darasa langu la jiografia Tanga nikamfuata yeye kwenye baridi hii, sasa nina nafasi. Damu ilinichemka kiasi kwamba nilifungua vifungo vya koti. Lakini nilimjibu, "Haya," kwa sauti laini, na usiku ule nikalala vizuri kuliko nilivyokuwa nimelala kwa muda mrefu, maana nilikwishajua nitamfanya nini.

Nilitunga raundi ya mwisho kwa mapenzi makubwa. Swali la kwanza: ni kitu gani kilichopotea London, kikaja kuokotwa na mbwa kwenye ua wa majani? Jibu, Kombe la Dunia. La pili lilikuwa la lile jiwe ambalo wafalme wao hutawazwa juu yake, ambalo wanafunzi kutoka Uskochi walilitoa kanisani siku ya Krismasi. La tatu, kinywaji ambacho Mskochi mwingine alijibadilisha mavazi akaenda kukitafutia miche Uchina kwa siri: chai. La nne, ndege anayetaga yai lake kwenye kiota cha mwenzake akamwachia kazi ya kulea. La tano nalipenda mpaka leo. Ni yule ndege mweusi mwenye tumbo jeupe na mkia mrefu, ambaye Waingereza wakimwona peke yake humwamkia na kumuuliza hali ya mke wake, na ambaye wanaamini hawezi kupita kitu kinachong'aa bila kukibeba. Wizi, wizi, wizi, mwanzo mpaka mwisho. Na msomaji angekuwa mwizi mwenyewe.

Nilijua hataisoma karatasi kabla. Huwa haangalii, anakunja, anatia mfukoni, anaisomea huko huko mbele ya watu. Majibu nilimwandikia chini ya kila swali ili asipwaye. Kitu pekee ambacho sikukiandika ni kile kinachoyaunganisha. Alisoma kwa mbwembwe zote, akibadilisha sauti, akirembua macho, na baa nzima ikimshangilia. Mashangazi zangu waliimba mafumbo makubwa katika maisha yao, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumfanya mlengwa aliimbe fumbo lake mwenyewe. Nilijisikia nimewapita wote.

Bosi ndiye aliyeligundua. Akaruka kutoka kitini, "Wizi! Yote ni wizi! Sivyo?" Watu wakamgeukia mume wangu athibitishe. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akatazama karatasi, akatazama dari, akanitazama mimi. Hapo nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, "Ni sahihi. Lakini kuna cha sita kilichoibwa. Mwulizeni yeye."

Nilimwona akielewa. Lilimwingia polepole, kuanzia masikio. Nikakaa sawa nianze kufaidi.

Ndipo akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akatangaza: "Cha sita ni maswali yenyewe. Nimemwibia mke wangu!"

Baa ililipuka. Walicheka, wakapiga meza, bosi akafuta machozi, mtu akamnunulia bia. Sentensi niliyoililia miaka yote ilikuwa imetoka, lakini imetoka imevaa nguo za mchekeshaji, na hakuna hata mmoja aliyeiamini. Mama mmoja wa meza ya jirani akaniinamia akasema nina bahati ya kuwa na mume mcheshi.

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto yeyote wa Tanga anakijua. Ukiimbiwa kijembe ukanuna, umekwisha. Lakini ukiinuka, ukamfuata mwimbaji, ukacheza mbele yake na kumtunza, kijembe kimefia hapo hapo na shangwe zote ni zako. Mama mkwe wangu alivuma mtaa mzima kwa mchezo huo, hakuna ngoma iliyomshinda. Na mimi, kwa akili zangu zote, nimeenda kumrushia kijembe mwanawe.

Jumamosi nikapanda kwenda Matonge, mtaa wa Waafrika, kununua sombe, kile tunachokiita kisamvu. Kwenye barabara ya Chaussée de Wavre kuna mama mmoja wa Bukavu mwenye duka dogo la vyakula; huwa ananiwekea majani mazuri chini ya meza, nami huwa namwekea habari. Nikamsimulia yote. Hakucheka hata kidogo. Aliendelea kupanga mihogo huku ananisikiliza, kisha akafuta mikono kwenye kitenge.

"Maman, hiyo yako ni ya kuficha-ficha sana," akasema. "Bantu walicheka, bwana alicheka, donc ni yeye alishinda. Weye unamupikiaka, yeye anabeba sahani, anaenda kuambia bantu ni yeye alipika. Bon. Siku moja umupe sahani ya kufunika muzuri, na ndani hakuna kitu. Afungue mbele yabo. Pale hatacheka."

Nikanunua sombe, na mafuta ya mawese ambayo sikuyahitaji, kwa shukrani tu. Kwenye basi la kurudi nilikuwa natabasamu mpaka mzee mmoja akahama kiti.

Kwa sababu ya vile vicheko, bosi akataka mume wangu atunge tena. Akaniletea habari huku amevimba kichwa, bila neno la samahani, bila hata kuutaja ule mwezi uliopita. "Wamependa sana. Sasa tuwape nini safari hii, bibie?" Sasa imekuwa "tuwape". Nikamwambia asijali. Nilimwitikia kwa upole ambao mwanamume mwenye akili angeuogopa, lakini yeye alikuwa anatafuta rimoti.

Nilimwandikia maswali mazuri, magumu, yenye ubishi ndani yake, yale ambayo meza mbili zenye majibu tofauti zinaweza kuapizana. Chini ya ukurasa nikaandika: majibu nyuma. Nikamkabidhi asubuhi akiwa anakimbilia kazini. Akakunja, akatia mfukoni.

Jioni ilikwenda vizuri. Alisoma kwa madaha zaidi kuliko mara ya kwanza. Meza zikabadilishana karatasi ili kusahihishiana, watu wakainua kalamu, bosi akasema, "Haya, namba moja?" Mume wangu akageuza ukurasa.

Akaugeuza tena. Akaushika kwenye mwanga.

"Bibie," akasema kwa Kiswahili, kwenye kipaza sauti, "majibu yako wapi?"

Nikamjibu kwa Kiingereza ili wote wafaidi. "Majibu ya nani?"

Akajaribu kucheza. Alitandaza mikono, akawaambia watu, "Mnaona mke niliyenaye!" Wakacheka kidogo, kwa adabu, kisha wakanyamaza wakisubiri, maana kalamu zilikuwa hewani na kila meza ilitaka kushinda. Akabahatisha jibu la kwanza. Meza ya nyuma ikamzomea. Akabahatisha la pili, na bosi mwenyewe akakunja uso. "Hapana, hilo si kweli. Una hakika wewe ndiye uliyetunga?" Swali lenyewe aliliuliza kwa utani, lakini lilipofika kwa mume wangu halikuwa utani tena. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na nje kulikuwa na baridi kali.

Akaweka kipaza sauti mezani, akaja hadi nilipokaa, akainama sikioni kwangu. "Nisitiri," akasema. "Nakuomba, nisitiri."

Neno hilo kwetu ni zito. Mwanamke anafundwa kabla ya harusi kwamba kumsitiri mume ndiyo kazi yake ya kwanza. Niliingojea huruma inipande. Nikaingojea kwa dhati kabisa, mikono nimeiweka mapajani. Haikuja. Nilichokikumbuka ni lile koti lake nililolishika siku ile kama msumari wa ukutani.

"Nimekusitiri vya kutosha," nikamwambia. "Nenda ukaseme. Na usiwachekeshe."

Akarudi mbele. Akakichukua tena kipaza sauti, watu wakaacha kutafuna. Kisha akasema, bila kuinamisha kichwa, bila kutabasamu upande wowote: "Maswali haya si yangu. Ya mwezi uliopita pia hayakuwa yangu. Na ile siku tuliyoshinda, majibu yalikuwa yake. Ni kazi ya mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Bosi alinigeukia akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama mume wangu kama mtu anayepitia upya ripoti kadhaa kichwani mwake. Hilo sikulipanga, lakini nililipokea.

Nikainuka, nikachukua kipaza sauti, nikawapa majibu yote, moja baada ya jingine, bila karatasi. Walibishana nami, nikawashinda. Mwishoni mtu akauliza ni kitu gani kinachoyaunganisha yale matano ya mwisho, maana meza zote zilikuwa zimetafuta zikakosa. Nikawaambia safari hii hakuna fumbo, kilichotakiwa kusemwa kimeshasemwa.

Tulipotoka tulisimama kwenye kibanda cha chipsi, kama kawaida yetu. Nikanunua pakiti mbili. Mume wangu alishika yake bila kuigusa, akitazama mataa ya barabarani. Chipsi zilikuwa zinaanza kupoa.

"Sasa umeridhika?" akaniuliza.

"Bado kidogo," nikasema, nikachukua na zake.