Siku Zakaria Alipokufa kwenye Video

Sisi tuliokua Kalemie wakati filamu bado zilikuwa zinafika ndani ya kaseti, zimefungwa kwenye plastiki ili maji ya ziwa yasiziharibu, tuna ugonjwa mmoja ambao watoto wetu hawataupata. Tukiona mtu anapigwa risasi kwenye skrini, tunangoja tuambiwe ni mtoto wa nani.

Nawaandikia wenzangu wa rika. Wale waliocheza mpira wa makaratasi kwenye mchanga nyuma ya reli, waliokula bukari, ugali wetu, na dagaa wa ndakala mchana, bukari na majani ya sombe jioni, na kesho yake wakageuza zamu ili kubadilisha ladha. Waliokaa watatu kwenye dawati moja, na aliyekuwa katikati ndiye aliyechapwa kwa makosa ya wote. Vijana wa leo wanaruhusiwa kusoma pia, kama mega za simu zao zimeisha na hawana la kufanya.

Jumapili, misa ikiisha na chakula kikishuka tumboni, tulikimbilia nyumba ya video. Kilikuwa chumba kirefu cha matofali, mabenchi manane, mkeka wa watoto mbele, na televisheni moja juu ya meza iliyowekewa tofali chini ya mguu mmoja. Jenereta ilikohoa nje. Ndani mlinukia petroli, jasho na karanga za kukaanga. Na kando ya televisheni, ameshika tete refu kama mwalimu wa jiografia, alisimama Papa wa Foni.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Anselme, lakini hakuna mtoto aliyelitumia. Siku za kazi alikaa kwenye kijumba karibu na bandari, akiendesha foni, ile redio ambayo kabla ya simu ndiyo iliyotuunganisha na watu wa Moba, Manono na Ankoro. Habari zote za mbali zilipita sikioni mwake kwanza: nani amezaa, nani amefika, nani hatarudi. Jumapili aligeuka kuwa mfasiri wa filamu. Filamu zilikuwa za Kiingereza, nyingine za lugha ambayo hatukukubaliana kamwe ni ipi. Yeye alijua Kifaransa na Kiswahili. Hilo halikumzuia hata kidogo.

Tulikuwa na sheria moja: akta hafi. Akta kwetu alikuwa yule mtu mkuu, mwema, mwenye filamu yake. Wengine wote walikuwa bandi. Akta akipigwa risasi ya mkono, muziki ulilia, kamera ikamkaribia mpaka tukaona jasho la nyusi zake, na mwanamke akaja na kitambaa. Bandi akipigwa alianguka tu, na filamu ikaendelea na shughuli zake.

Papa wa Foni hakukubali. Bandi akianguka, tete lake lilimwonyesha na sauti yake ikashuka.

"Huyu njo Kabeya wa Nyunzu. Mama yake anauzisha mihogo. Alikuwa anataka kuoa nyuma ya mavuno."

Wamama wa mabenchi ya nyuma walivuta pumzi. "Aaa, masikini! Kabeya naye!" Kisha anaanguka mwingine, naye ana jina, ana kijiji, amemwachia dada yake mtoto mgonjwa. Tulikuwa tukitoka kwenye filamu ya polisi na wezi tumechoka kama watu waliotoka kuzika. Siku moja kaka yangu alimuuliza kwa nini anafanya hivyo wakati filamu haisemi. Alijibu, "Miye sitaacha muntu afe mbele ya macho yangu kama kuku."

Basi Jumapili moja ilikuja kaseti ambayo karatasi yake ilikuwa imebanduka, tukaiita tu "Koti", kwa sababu ya koti refu la yule polisi. Anawawinda watu walioiba kwenye ghala la bandari. Mvua inanyesha filamu nzima. Katikati, kijana mmoja wa wale wezi anatoroka kwenye daraja la chuma. Tunamwona kwa mgongo. Anakimbia bega moja limeshuka, kama mtu aliyezoea kubeba mzigo upande mmoja. Polisi anapaza sauti. Kijana hasimami. Mlio mmoja, anashika chuma, anateleza, maji yanafunga juu yake.

Papa wa Foni aliyaonyesha yale maji kwa tete lake. Kisha akasema, "Huyu njo Zakaria. Alitoka kwetu hapa, akaenda Ankoro kutafuta maisha."

Nilikuwa na miaka tisa, na Zakaria nilimjua. Alikuwa mtoto wa jirani yetu, Mama Zakaria, aliyeanika ndakala ufukweni. Alikuwa ameenda Ankoro kufanya kazi kwenye mitumbwi, na kweli alitembea hivyo, bega moja chini. Sikungoja mwisho wa filamu. Mtoto mwenye habari ambayo wengine hawana ana miguu ya ajabu.

Nilimkuta Mama Zakaria ameinama juu ya samaki wake. Nikasema, nikihema:

"Mama Zakaria! Zakaria amekufa! Ameanguka mu maji!"

Akanyooka polepole. "Nani amesema?"

"Papa wa Foni."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimekuwa na miaka mingi ya kulichunguza. Sikudanganya. Ni kweli Papa wa Foni alisema. Lakini ukimwambia mama ambaye mtoto wake yuko mbali kwamba Papa wa Foni amesema, umemwambia kwamba foni imesema.

Hakupiga kelele mara moja. Aliweka chini ungo wake vizuri, kama mtu anayeogopa kuuvunja. Kisha ikatoka sauti ambayo sijaisikia kwenye filamu yoyote. Wanawake waliacha samaki kwa kunguru. Wengine walimshika mabega, wengine walifungua vilemba. Mama yangu alikuja mbio, akaniona nimesimama pale katikati, na akina mama huwa wanajua.

"Weye njo ulileta hii habari? Papa wa Foni alikuambia wapi?"

"Kwa video."

"Kwa wapi?"

"Kwa video, Mama. Ile ya Koti."

Kilio kikakatika kipande kwa kipande, kama jenereta inayoishiwa mafuta. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mama yangu akanishika sikio. "Ulimi yako hii! Siku moja itanifungisha!"

Lakini Mama Zakaria hakucheka. Alikuwa amekaa mchangani, anafikiri, na ndilo lililotutisha. Miezi minane hakupata neno kutoka Ankoro.

"Majina yote ya dunia," akasema, "juu ya nini atwae ya mutoto wangu? Huyu muntu anasikia mambo kila siku. Amesikia kitu. Ameogopa kuniambia, akakisema kwa video."

Nikaona nyuso za wanawake zikibadilika tena, kwa sababu lile lililosemwa lilikuwa na akili kabisa.

Tulienda nyumba ya video kundi zima, mimi nikiongozwa kwa sikio. Watu walikuwa wanatoka. Mama Zakaria aliingia, akaketi benchi ya kwanza.

"Weka kanda," akasema. "Nionyeshe."

Papa wa Foni alitutazama, akatazama sikio langu, akaelewa. Akaweka kanda. Mvua ikaanza kunyesha kwenye skrini. Daraja. Mgongo. Bega. Mlio. Maji.

"Rudisha."

Akarudisha. Yule kijana akatoka majini kinyumenyume, akapanda darajani, akakimbia kwa mgongo kuelekea kwetu. Kwa nusu dakika alikuwa mzima. Kisha akapigwa tena.

"Rudisha. Nataka uso."

Mara nne. Nilihesabu kwa sababu kila mara sikio langu lilivutwa. Uso hawakuonyesha. Yule mtengeneza filamu, popote alipokuwa, hakuona sababu ya kumzungusha kijana yule hata mara moja.

"Juu ya nini hawaonyeshe uso yake?"

"Mama," akasema Papa wa Foni, "huyu ni bandi. Bandi hawamuonyeshake uso. Ni muzungu tu, kule kwao. Miye niliona bega, nikakumbuka mutoto wako. Nilimukumbuka tu."

"Umesikia nini kwa foni?"

"Sikusikia kitu."

"Apa."

"Mama Zakaria, haki ya Mungu."

"Unaapa hujasikia. Uliuliza?"

Papa wa Foni hakuwa ameuliza. Miezi minane alimwambia mama yule kwamba Ankoro haipatikani vizuri, ajaribu wiki ijayo.

"Kesho asubuhi," akasema. "Foni ikifunguka tu."

Jumatatu asubuhi Ankoro ikajibu: watamtafuta, yuko mtoni, au alikuwa mtoni, ngojeni. Tukangoja siku mbili. Sijui kama mmewahi kuona matanga ya nusu. Watu walileta mikeka, lakini hawakujua walie au wapige soga. Waliofika walisimama mlangoni wanatafuta neno, kwa sababu "pole" ingemuua kijana na "habari za leo" ingemtukana mama yake. Chakula kilipikwa, Mama Zakaria akakataa kula. Akina baba walikaa pembeni wakibishana kwa sauti ndogo kama mtu anaweza kufa kwa video. Baba yangu hakunipiga. Alinipita kana kwamba mimi ni kiti, na ningependa fimbo.

Jumatano tulijaa kwenye kile kijumba cha foni mpaka mlangoni. Sheria ya foni ni moja: hawasemi wawili kwa pamoja. Unabonyeza kifungo, unasema, unamaliza kwa "a vu", yaani zamu yako, unaachia, ndipo mwenzako anasikika. Papa wa Foni aliita Ankoro. Ukasikika mlio kama wa mchanga kwenye bati. Akaita tena. Kisha sauti ya mwendesha foni wa kule: "Kalemie, tuko na muntu hapa. A vu."

Hakusema muntu gani. Papa wa Foni alimpa Mama Zakaria kipaza sauti na kumwonyesha kifungo. Akakibonyeza, akaanza kusema, na hakuacha. Alisema habari za ndakala, za paa linalovuja, za dada yake aliyezaa, alisema kama mtu anayeogopa zamu ya mwingine ifike. Kidole kilikuwa cheupe kwa kubonyeza. Mradi kidole kiko pale, hakuna anayeweza kumjibu, na mradi hakuna jibu, mtoto wake hajafa.

"Mama," Papa wa Foni akamwambia taratibu, "achia kifungo."

Akatikisa kichwa.

"Achia, Mama. Hawezi kusema."

Mama yangu ndiye aliyekiondoa kile kidole, kimoja, kama anavyoondoa mwiba. Mchanga ukalia kwenye bati. Kisha:

"Mama? Njo miye, Zakaria. Wanasema kuna matanga kwetu. Nani amekufa? A vu."

Mama Zakaria akabonyeza. Akasema, "Weye."

Kulikuwa na vigelegele mpaka bandarini, na mimi nilisamehewa na watu wote isipokuwa wale ambao samaki wao waliliwa na kunguru. Lakini Jumapili iliyofuata, filamu ilipoanza na bandi wa kwanza akaanguka, tulinyamaza kungoja jina. Papa wa Foni akanyoosha tete.

"Bandi," akasema.

Akaanguka mwingine. "Bandi." Akaanguka wa tatu. "Bandi ingine."

Mtu akacheka nyuma. Kufikia katikati ya filamu tulikuwa tunahesabu kwa sauti, kumi na moja, kumi na mbili, na kupiga makofi, na natamani niwaambie kwamba nilihuzunika. Nilifurahi sana. Ilikuwa Jumapili tamu kuliko zote. Tulitoka wepesi, tukapigana risasi za vidole njia nzima, na kila aliyeanguka aliinuka bila kuulizwa ni wa wapi.

Baadaye nilienda chuo kikuu Lubumbashi, nikaandika kazi ya mwisho kuhusu picha za ukatili katika filamu za polisi na wezi. Kurasa themanini, maneno ya Kifaransa marefu kama treni ya Nyunzu na yenye kuchelewa vilevile. Nilieleza kwa nini kamera humpa mtu mmoja uso na wengine mgongo. Walimu wakanisifu. Hakuna ukurasa ulioeleza kwamba nilipokuwa na miaka tisa niliwanyang'anya majina maiti wote wa Kalemie kwa kutosema neno moja, "video".

Sasa nyumba ya video ni duka la vocha na chaji. Filamu ziko mfukoni, kila mtoto na yake, na mfasiri wa siku hizi anatania juu ya maiti kabla haijagusa ardhi. Vijana wetu ni hodari: wanaweza kula, kujibu ujumbe na kutazama watu ishirini wakiuawa kwa wakati mmoja, na bukari isimwagike. Sisi, mtu mmoja wa kaseti alitusimamisha kazi siku tatu.

Juzi nilikaa karibu na binti yangu wa mwisho, ana simu mkononi. Ikapita picha ya mtu amelala barabarani, majani yamewekwa juu ya kichwa chake, watu wamesimama kando. Upande wa Nyunzu tumeona miaka ya vita ambayo picha kama ile haikuhitaji mtengeneza filamu.

"Hiyo ni filamu ao ni kweli?"

"Sijue, Papa. Imeingia tu mu grupu."

"Ni muntu wa wapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa mvua imetoka wapi. Kidole chake kilikuwa kimeshasonga. Kulikuwa na msichana anacheza dansi, kisha mpira, kisha mtu anauza nywele. Nikamwomba anitafutie. Ni mtoto mwenye heshima, hakukataa. Akapandisha, akashusha, akaingia grupu moja, akatoka, akaingia nyingine. Nilivaa miwani. Tulitafuta mpaka chai ikapoa, mimi na yeye, vichwa vimegusana juu ya kioo kile kidogo.

Hatukumpata.