Walisema Nimenona

Nilikuwa na mikono mimi. Nianze hapo, kwa sababu siku hizi watu wakiniona wanaangalia uso tu. Miaka mingi niliuza samaki wa barafu pale sokoni Ruashi. Samaki hao, chinchard, wanatoka chumba cha baridi wakiwa wameshikamana kama tofali. Niliinua katoni, nikaipiga chini, kisha nikawachambua samaki kwa vidole vitupu. Nikirudi nyumbani nilisonga bukari, ndiyo ugali wetu, ya nyumba nzima: mume wangu, ambaye ni fundi mstaafu wa reli, watoto wetu, na wageni wake wasioisha. Mwiko ulikuwa wangu. Hakuna aliyenishikia sufuria. Wananiita Mama Désiré, lakini sifa ya bukari yangu niliipenda kuliko jina.

Ugonjwa ulianza msimu wa baridi. Asubuhi moja vidole vilikataa kufunga kifungo cha blauzi. Nikadhani nimevilalia. Wiki zilizofuata vikavimba, vikawa vyekundu kwenye viungo. Kisha viwiko, kisha magoti. Kwenda chooni ikawa aibu. Nikichuchumaa siinuki, na kujisafisha kwa vidole vile, usiniulize. Mume wangu, Baba Désiré, ndiye aliyenifunga kikwembe kiunoni kila asubuhi.

Na ile baridi! Haikuwa ya ngozi. Ilikuwa ndani, kana kwamba mtu ananimiminia maji ya barafu kwenye mifupa. Mchana, jua kali, wenzangu wanatoka jasho, mimi nimevaa soksi mbili na koti la mume wangu.

Kila mtu akawa daktari. Huyu anasema ni samaki. Yule anasema nimelogwa na muuzaji wa meza ya pili. Kwenye dispensari ya mtaa wakanipa vidonge vya maumivu wakasema ni uchovu. Uchovu! Nilikasirika mpaka nikalia. Jioni binti yangu alisonga bukari, nami nimekaa kwenye kiti nikiangalia mwiko wangu mikononi mwa mwingine.

Ndipo akaingia Yaya Fifi. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anafanya biashara ya mpakani, Kasumbalesa, na begi lake halikosi kitu.

"Mama Désiré, hii njo dawa ya Bachina benyewe," alisema, akiweka kopo mezani. "Ni majani tupu. Inafukuzaka baridi mu mifupa."

Kopo lilikuwa na maandishi ya Kichina na picha ya mzee anayekimbia. Nilimeza vidonge vyake, na kesho yake nikasonga bukari. Sisemi uongo. Baridi iliondoka kama mgeni aliyefukuzwa. Nilicheza mbele ya jiko, watoto wakapiga makofi.

Miezi ikapita. Mashavu yangu yakajaa, yakawa duara. Watu wakafurahi. "Mama, unanona!" Kanisani walimpongeza mume wangu: "Papa, unachunga bibi muzuri." Naye akatabasamu, maskini. Yaya Fifi ndiye alipita mipaka. Alileta wateja sokoni, akanishika kidevu mbele yao.

"Mumuone huyu! Alikuwa mifupa tupu. Muangalie mashavu!"

Wakaangalia, wakanunua kwake.

Lakini chini ya nguo kulikuwa na habari nyingine. Tumbo lilivimba, mapaja yakakonda. Nikigusa kona ya meza, ngozi inatoka doa jeusi. Ndevu ziliota kidevuni, nikawa nazing'oa nikiwa peke yangu. Usingizi hakuna. Njaa haiishi. Nilimwambia Yaya Fifi, akacheka: "Uko na bahati, na unalia? Benzako banatafuta kunona, hawapate."

Kisha mzigo wake ukakwama mpakani, na kopo langu likaisha. Ndani ya siku chache maumivu yakarudi na ndugu zao wote. Nikachoka vibaya, kichwa kinazunguka, chakula hakikai tumboni. Nikawaza: kama dawa ni ya Wachina, kwa nini nimngoje wifi? Mjini kuna daktari Mchina, mwanamke, amekaa hapa miaka mingi na anasema Kiswahili chetu. Niende kwa wenyewe nikanunue kopo. Baba Désiré akaita teksi.

Yule daktari hakuwa na maneno mengi. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, akasikiliza mapigo. Akaangalia ulimi. Akabonyeza mashavu yangu, akatazama madoa ya mikononi. Nikampa kopo tupu, nikamwambia limeisha.

"Hii dawa, ulikula, kesho yake ukasikia muzuri?"

"Kesho yake, docteur!" nilijibu kwa furaha.

Yeye hakufurahi hata kidogo. "Majani haina mbio hivi, mama. Miye ninazania banachanga na cortisone, dawa kali ya hospitali. Sitakupatia. Na sindano zangu sichome leo. Enda hospitali sasa hivi. Umeikata mara moja, inaweza kukuua."

Jamani, nilimgombeza! Nimekuja kwa Wachina wenyewe kutafuta dawa ya Kichina, na Mchina ananifukuza! Nilitoka nikilaani. Nikafika kwenye geti, nikatapika, miguu ikaisha nguvu. Mume wangu akaniingiza garini pamoja na dereva, mmoja kichwani, mwingine miguuni.

Hospitalini waliniwekea sindano ya maji. Nilipopata fahamu vizuri, daktari alikaa pembeni ya kitanda.

"Mama, mwili uliacha kazi yake sababu ile dawa ilikuwa inaufanyia," alisema. "Tutakupunguzia pole pole. Na damu yako inaonyesha polyarthrite. Mwili wako unapigana na viungo vyake wenyewe."

"Donc, kumbe si samaki?"

"Samaki haikukupatia ugonjwa. Baridi inaichokoza tu."

Nilitamani kupiga kelele. Muda wote ule wa kubahatisha, na jibu lilikuwa ndani ya damu yangu mwenyewe! Hakuna aliyeniambia nipime.

Nikaanza dawa za hospitali. Nilipopata nguvu, na daktari wangu akakubali, nilirudi kwa yule Mchina, nimeinamisha kichwa. Hakunikumbusha matusi yangu. Aliwasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akayasogeza karibu na goti bila kunigusa, mpaka joto likazama ndani. Chumba kilinuka moshi wa shamba. Siku nyingine alinichoma sindano nyembamba mikononi. Nyumbani niliambiwa niloweke miguu kwenye maji ya moto yenye tangawizi, na barafu nisiiguse tena.

"Miye ninapunguza baridi na maumivu," aliniambia. "Dawa ya hospitali usiache."

Ilikuwa pole pole mno! Mimi nilikuwa nimezoea kupona kesho yake. Nilimnung'unikia kila nilipolala kwenye kitanda chake. Mpaka siku moja nilivua soksi nikaikuta imelowa jasho. Jasho, kwenye mguu wangu! Nilimwonyesha Baba Désiré soksi ile kama mtu anayeonyesha diploma. Tulicheka mpaka machozi.

Sasa nauza dagaa wakavu. Ugonjwa haujaondoka, wala sidanganyi mtu. Kuna asubuhi vidole vinagoma. Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu, na namshukuru yule mwanamke aliyekataa kuniuzia nilichokuja kununua. Ninyi mnaosikia baridi ndani ya mifupa, pimeni damu kwanza. Dawa ikiwaponya kwa usiku mmoja, ulizeni ndani kuna nini. Na kama mmekwisha kuinywa, msiikate wenyewe, kimbieni kwa daktari. Majani na sindano vina kazi yake, lakini kwa mtu anayejua kusema hapana.

Nimalizie na linaloniudhi mpaka leo. Mashavu yamerudi kama zamani, na watu wananililia. "Mama anaisha!" Nilipokuwa nakufa walinisifu, nimepata nafuu wananiombea. Juzi Yaya Fifi alikuja nyumbani, machozi machoni, kopo jipya mkononi.

"Wifi, unakonda! Rudilia dawa, miye nakuomba."

Maji yalikuwa yanachemka. Nikamwambia akae. Nikamwaga unga, nikashika mwiko, nikasonga bukari ya watu wote mbele yake, peke yangu, mpaka ikakaza. Kisha nikachukua kopo, nikalitia kwenye makaa. Akanyoosha mkono kuliokoa. Nikamkamata kwenye kifundo, nikabana kwa vidole hivi hivi.

"Ai, Mama Désiré, acha! Unaniumiza!"

Sijasikia neno tamu kama hilo. Sikumwachia haraka.