Maegesho Chini, Vyumba Juu

Kiwanja alichotuachia baba kiko Tunduma, kandokando ya barabara kuu, upande wa kutokea Mpemba. Kwa miaka mingi mimi na kaka yangu tulikipanda mahindi tu, mpaka tukakubaliana kujenga gesti kwa ajili ya watu wanaovuka mpaka. Mimi ni fundi cherehani, kaka anauza vipuri vya malori, na kati yetu hakuna aliyewahi kujenga zaidi ya nyumba ya kuishi. Tangu mchoraji alipotuletea ramani, nilikuwa siwezi kupita pale bila kusimama. Nilikuwa najionyesha mwenyewe: hapa mapokezi, hapa ngazi, hapa dirisha la jikoni.

Ramani ile ilirudi kutoka halmashauri ya mji ikiwa imepigwa mistari myekundu. Tukaenda wote wawili kumwona afisa wa majengo, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, asiyekuwa na haraka. Akatuonyesha kwa kalamu sehemu ya mbele.

"Magari yenu mmeyachora kwenye hifadhi ya barabara," alisema. "Yale si maegesho yenu. Gari la mgeni wenu lilale ndani ya kiwanja chenu, liingie kwa kichwa na litoke kwa kichwa. Sitaki mtu arudi kinyumenyume barabarani."

Nilikubaliana naye. Anayeishi Tunduma anajua foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, na jinsi sisi wa miguu tunavyopenya katikati ya matairi. Kaka ndiye aliyekasirika. Mbele alikuwa amepanga fremu za maduka, na moja ilikuwa ya vipuri vyake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema kwamba magari yakiingia ndani, nyumba itakaa wapi, na kwamba kama ni hivyo heri tuendelee kulima mahindi.

Usiku nilikata karatasi za mitindo yangu ya nguo katika umbo la magari, nikazisogeza juu ya ramani, lakini karatasi haina usukani. Asubuhi nikamwambia kwamba tujaribu palepale kiwanjani kwa magari ya kweli. Alinitazama kama mtu aliyechoka, kisha akaanza kucheka. Wazo la kuwaita rafiki zake madereva lilimnogea kuliko alivyotaka nijue.

Tulivuna mahindi, tukasawazisha ardhi, na Jumapili moja baada ya ibada tukaanza kazi. Tulichora nyumba yote kwa chokaa, kuta na milango, na kando yake nafasi za magari. Kaka akaleta pikapu yake. Jirani yetu mwalimu akaleta gari lake dogo. Rafiki wa kaka akaja na kichwa cha lori bila tela, akakata kona na kupita katikati ya chumba cha kulala namba tatu. Watu waliokuwa wanatoka kanisani wakasimama kutazama, kila mmoja akawa mshauri. Mwingine anasema kata kulia, mwingine anasema rudi kidogo, na kaka katikati yao amevaa koti lake la ibada, mikono juu, anaongoza magari kama trafiki. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona na furaha namna ile.

Wakati huo ndipo shangazi yetu alipofika, na hakuna aliyemsikia. Shangazi anasambaza maziwa kwa bajaji ya umeme aliyonunuliwa na mwanawe, na bajaji ile haina mlio. Mama mmoja aliruka pembeni alipoiona imemfikia mgongoni. Tukamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mistari ya chokaa.

"Sasa mimi hapa nitachajia wapi?" akauliza.

Tukacheka, yeye hakucheka. Akatueleza maisha yake na chombo kile. Anachaji kwa waya uliopitishwa dirishani, dirisha halifungiki vizuri, na mvua ikinyesha anachomoa, kwa sababu anaogopa umeme na maji. Akasema huko Zambia ameshaona magari madogo ya umeme, na siku yakianza kuvuka mpaka huu, wenye gesti watakuwa wanatoa waya madirishani kama yeye.

Hata hatujamjibu, mvua ikashuka. Mvua zetu za huku haziombi ruhusa. Waliokuwa na magari wakafunga vioo, waliobaki wakakimbilia kibanda cha jirani, na shangazi akabaki amesimama mbele ya bajaji yake akiikinga kwa kanga. Chokaa ikaanza kutiririka. Nilimtafuta kaka nikamwona yuko palepale katikati ya kiwanja, ameloa, anatazama juu.

"Haya magari yanataka paa," aliniambia nilipomfikia. "Na paa tunalo. Nyumba ipande juu. Tusimamishe nguzo, magari yakae chini yake."

Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Tulibaki kwenye mvua tunaonyeshana nguzo zitasimama wapi, gari litapinda wapi, na fremu mbili za maduka zitakazobaki pembeni zitaelekea upande gani. Shangazi akapiga kelele kutoka kwenye kanga yake kwamba tusisahau soketi.

Mchoraji alichora upya, tukamrudia yule mama wa halmashauri. Nilimwuliza kuhusu kuchaji, maana nilitaka kujua sheria inasemaje. Akanijibu wazi kwamba ofisini kwake bado hakuna sharti la kumlazimisha mwenye gesti kuweka sehemu ya kuchajia, lakini ushauri wake ni tulaze mabomba ya nyaya kabla ya kumwaga zege, kwa sababu kuvunja sakafu baadaye ni kazi mbaya.

"Ila mkiiweka kwenye ramani, nitakuja kuikagua," alisema. "Isiwe mapambo."

Tukaiweka. Tuliomba umeme wa fezi tatu, wenye nguvu zaidi, fundi akalaza mabomba, na kila nguzo ya ukutani ikapata soketi nene yenye kifuniko na swichi yake ya kukata umeme. Nyumba ilipokwisha, siku ya ukaguzi yule mama aliendesha gari lake mwenyewe, akaingia, akazunguka nguzo zote, akatoka kwa kichwa, kisha akaingia tena. Nadhani mara ya pili ilikuwa raha tu. Halafu akamwomba shangazi achomeke bajaji. Taa ya chaji ilipowaka, shangazi alifumba macho akanong'ona sala fupi kwa Kindali, lugha ya kwetu.

Kwa muda mrefu bajaji ile ilikuwa mteja pekee wa soketi zetu, na mafundi wa jirani walitutania. Kisha jioni moja gari dogo jeupe likaingia chini ya vyumba kimyakimya. Dereva, mzee wa Kizambia, akatusalimia, "Mulishani," akauliza kwa Kiingereza na ishara kama anaweza kuchomeka. Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza. Kaka alitoka dukani mbio, mikono ina grisi, na wote tukasimama kutazama waya ukiingia kwenye gari. Wageni wengine wakashuka ngazi kuja kuona. Mzee yule alikuwa anatushangaa sisi kuliko tulivyolishangaa gari lake.

Asubuhi alikuwa ameamka mapema, gari limejaa chaji. Akatuuliza akielekea Mbeya atapata wapi tena pa kuchaji. Hatukujua. Kaka akachukua simu, akaanza kumpigia rafiki yake anayejenga gesti Vwawa, kwenye njia hiyohiyo ya Mbeya. Nilimsikia akimweleza habari za nguzo na mabomba ya nyaya, sauti ikipanda, mkono mmoja ukichora hewani. Nikamkaribisha mzee wa watu chai, maana niliona simu ile haitaisha leo.